Sura ya Tano: Nicodemus, Kata Iliyokosa Reli

Ukitoka Hill City, makao makuu ya kaunti ya Graham kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, ukashika barabara kuu namba 24 kuelekea mashariki, unapita mashamba ya ngano na mtama, malisho ya ng'ombe yaliyozungushiwa seng'enge, na mabonde madogo yenye miti ya kuhesabika. Baada ya kilomita kama 20 unakuta kibao cha Nicodemus. Usipopunguza mwendo utakipita kijiji bila kujua: nyumba chache, makanisa, jengo la shule ya zamani, na ukumbi wa kata uliojengwa kwa mawe ya chokaa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 14.

Kaunti nzima ya Graham haina watu wengi. Sensa hiyo hiyo iliwakuta 2,415 katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300, yaani mtu mmoja kwa kila kilomita ya mraba na kidogo juu. Kansas imejaa vijiji vilivyokauka namna hii, na vingi vimeshasahaulika hata na wajukuu wa waliovianzisha. Nicodemus ina historia yake peke yake. Hiki ndicho kijiji pekee kilichosalia, magharibi ya mto Mississippi, kati ya vile vilivyoanzishwa na watu weusi katika miaka ya ujenzi mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Waliokijenga walikuwa wamezaliwa watumwa. Walikuja kutafuta kitu ambacho hawakuwahi kuruhusiwa kuwa nacho: ardhi yenye hati iliyoandikwa majina yao. Ninaamini hati hizo ndizo zilizokiweka kijiji hai pale ambapo kila kitu kingine kilikiponyoka.

Kwanza tuione nchi yenyewe. Hapa ni nyanda za juu za katikati ya bara. Ardhi inapanda taratibu kuelekea Milima ya Rocky, upepo hauna cha kuuzuia, na mto ulio karibu ni tawi la kusini la mto Solomon, ambao unapita kusini ya kijiji ukielekea mashariki. Mvua ni milimita 500 hivi kwa mwaka mzuri, na mwaka mbaya si jambo la nadra. Mstari wa longitudo ya 100 magharibi unakatiza upande wa magharibi wa kaunti hii. Wataalamu wa ardhi wamezoea kuutumia mstari huo kama mpaka kati ya Marekani inayolimika kwa mvua na Marekani inayohitaji umwagiliaji. Mwaka 1878 mpelelezi na mwanajiolojia John Wesley Powell aliwasilisha serikalini taarifa yake kuhusu nchi kavu za magharibi, akaonya kwamba ekari 160, kipimo ambacho sheria ilimpa kila mlowezi, hazitoshi kuilisha familia mahali mvua ilipo haba. Nicodemus ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Waliokuwa wakiishi pale walikuwa wameshaanza kulijua hilo kwa matumbo yao.

Ekari 160 zilitoka wapi? Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1785, serikali ya Marekani ilikuwa ikiigawa nchi kwa rula. Wapima ardhi walichora miraba yenye upande wa maili sita, kila mraba ukakatwa vipande 36, na kila kipande kikawa maili moja ya mraba, sawa na ekari 640. Robo ya kipande ni ekari 160, karibu hekta 65. Ndiyo maana ukiitazama Kansas kutoka kwenye ndege unaona barabara zilizonyooka na kukutana kwa pembe sawa, bila kujali kilima wala kijito. Juu ya miraba hiyo ikasimikwa serikali ya ngazi ya chini kabisa, chini ya kaunti, ambayo katika kitabu hiki ninaiita kata. Kata ya Kansas inaweza kuwa mraba mmoja au kuunganisha zaidi ya mmoja. Uongozi wake ni watu watatu wanaochaguliwa: msimamizi, karani na mweka hazina. Kazi yao kubwa ni barabara za vumbi, makaburi, na kodi ndogo ya kuvihudumia. Ni serikali ya watu wanaojuana kwa majina, na kwa watu waliokuwa mali ya wengine miaka 12 tu kabla, kushika vyeo vile halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Lakini rula ile ilipita juu ya nchi ya watu. Bonde la Solomon lilikuwa uwanja wa kuwinda nyati wa Wapawnee, Wacheyenne na Waarapaho. Mwaka 1857 jeshi la Marekani chini ya kanali Edwin Sumner lilipambana na Wacheyenne katika bonde hilo. Oktoba 1867, kwa mkataba wa Medicine Lodge, Wacheyenne wa kusini na Waarapaho walisukumwa kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma, na mwaka huo huo bunge la Kansas likachora mipaka ya kaunti ya Graham kwenye karatasi. Nyati nao walikuwa wakimalizwa kwa bunduki, na mifupa yao ikabaki imetapakaa kwenye majani. Walowezi wa mwanzo, weupe kwa weusi, waliiokota na kuiuza kwa tani ili itengenezwe mbolea, na kwa familia nyingi hizo ndizo zilizokuwa fedha za kwanza mkononi. Ardhi iliyotangazwa kuwa wazi iliachwa wazi kwa nguvu, na historia ya Nicodemus haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Sheria iliyoigawa ardhi hiyo kwa walowezi ilitiwa saini na rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Raia yeyote aliweza kuandikisha ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, na baada ya kuishi hapo miaka mitano na kulima, akapewa hati. Wakati huo watumwa hawakuhesabiwa raia. Baada ya vita, mabadiliko ya katiba ya mwaka 1868 yaliwapa uraia, na pamoja nao haki ya kuingia kwenye ofisi ya ardhi na kuandikisha shamba.

Kusini mambo yalikuwa yakiharibika. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakiwalinda watu weusi katika majimbo yaliyoshindwa vita yaliondolewa, na wenye mashamba wa zamani wakarudi madarakani. Huko Kentucky, familia nyingi za waliokuwa watumwa zililima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, na deni la dukani halikuisha. Watu waliojifunika nyuso walikuja usiku kuwachapa au kuwaua waliothubutu kupiga kura. Kansas ilikuwa na sifa nyingine kabisa. Iliingia kwenye muungano mwaka 1861 kama jimbo lisilo na utumwa, baada ya miaka ya mapigano ambamo mpinga utumwa John Brown alijipatia umaarufu. Kwa mtu mweusi wa Kentucky, jina Kansas lilisikika kama ahadi.

Aprili 1877 iliundwa kampuni ya kuanzisha mji wa Nicodemus. Kulikuwa na mzungu mmoja, W. R. Hill, mfanyabiashara wa ardhi kutoka Indiana, na wenzake walikuwa weusi: mchungaji W. H. Smith ndiye rais, na miongoni mwa wengine walikuwamo Simon Roundtree na Zachary Fletcher. Walichukua ekari 160 kaskazini ya mto, wakachora viwanja, wakaanza kuwatafuta watu. Hill alikwenda Kentucky, akahubiri makanisani habari za udongo mweusi mnene, wanyama wa kuwinda, farasi wa mwituni wa kufugwa, na mji uliokuwa tayari umeanza. Vipeperushi viliwaambia watu weusi wa Lexington kwamba kwa dola tano wangeweza kuondoka Septemba. Asili ya jina la mji ina wasemaji wengi. Wako wanaomtaja Nikodemo wa Injili ya Yohana, na wako wanaotaja wimbo wa wakati wa vita uliomhusu mtumwa mzee mwenye kuona mbali.

Septemba 1877 kundi la watu zaidi ya 300 lilishuka kwenye treni pale Ellis, stesheni iliyo karibu zaidi, karibu kilomita 55 kusini. Waliobaki na fedha walikodi mikokoteni, wengine walitembea. Walipofika hawakuona mji. Waliona nyasi, na hapa na pale moshi ukitoka chini ya ardhi, kwa sababu wachache waliotangulia walikuwa wakiishi mashimoni. Inasimuliwa kwamba familia kama 60 zilifunga mizigo na kurudi, na kwamba wanaume walimtafuta Hill wamnyonge, ikabidi ajifiche. Waliobaki hawakubaki kwa kuridhika. Wengi hawakuwa na nauli ya kurudia, na kule walikotoka hapakuwa na chao.

Masika yaliyofuata lilikuja kundi lingine, watu kama 150 kutoka Georgetown, Kentucky. Ndani yake alikuwamo Willianna Hickman, mke wa mchungaji, pamoja na watoto wao. Surua iliwashika wakiwa Ellis na baadhi ya watoto wa kundi lile wakafa. Kutoka hapo walivuka nyasi kwa kufuata dira, na usiku waliwasha mioto kuwafukuza wanyama. Siku ya pili wanaume wakashangilia kwamba Nicodemus inaonekana. Yeye alitazama kwa macho yake yote asione kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukipanda kutoka ardhini. Watu wakaanza kutoka kwenye mashimo, na mama yule akalia. Alilieleza tukio hilo akiwa bibi kizee, karibu miaka 60 baadaye, na gazeti la Topeka likalichapisha. Kati ya kumbukumbu zote za Nicodemus, hii ndiyo inayonikamata kila ninaposoma, kwa sababu Hickman hakujaribu kuipamba. Alilia, kisha akakaa, na watoto wake wakakulia pale.

Tulitazame shimo lenyewe, maana ndilo lililowavusha. Ulitafuta mteremko, hasa ukingo wa kijito, ukachimba kuingia ndani kama chumba. Kuta tatu zilikuwa udongo mtupu uliokatwa kwa sepeto na kusawazishwa. Ukuta wa mbele ulijengwa kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, au kwa mawe kama yalikuwa karibu, na ndani yake ukaachwa mlango na pengine dirisha moja. Juu zililazwa nguzo chache kutoka kando ya mto, kisha matawi, kisha nyasi, kisha udongo. Pembeni palikuwa na sehemu ya moto yenye bomba la moshi linalotokeza juu ya ardhi. Mvua ikinyesha paa lilidondosha tope juu ya vitanda, na nyoka walipenda ubaridi wa ndani. Hata hivyo, kwenye upepo wa Januari wa Kansas, shimo lilikuwa na joto kuliko nyumba yoyote ya mbao ambayo wangeweza kumudu. Mbao zenyewe hazikuwapo. Kuni zilikuwa mabua ya alizeti mwitu, vijiti vya mierebi, na kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyati.

Kundi la kwanza lilikuwa limefika msimu wa kupanda umeshapita, bila mbegu za kutosha, bila plau na karibu bila farasi. Baridi ya mwaka 1877 ingewamaliza. Wazee wa Nicodemus wamesimulia daima kwamba wawindaji wa Kiosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Wajumbe walitumwa kwenye miji ya mashariki ya Kansas na hata jimbo la Michigan kuomba chakula na nguo, na misaada ikaja. Masika yalipofika, ardhi ambayo haijawahi kulimwa, iliyofungwa na mizizi minene ya nyasi, wengi waliivunja kwa sepeto, sururu na jembe la mkono. Mtu aliyeandikisha ekari 160 alijikuta amelima chache tu. Wanaume walitembea hadi kwenye kambi za reli, wengine wakafika Colorado, kutafuta kibarua, huku wake zao wakibaki kulinda shamba, maana sheria ilitaka mtu aishi juu ya ardhi yake. Mwaka 1879, mavuno yalipoanza kutia matumaini, jumuiya iliamua yenyewe kuacha kuomba misaada, na kampuni ya mji ikavunjwa.

Nicodemus mara nyingi huchanganywa na wimbi kubwa la mwaka 1879, ambapo maelfu ya watu weusi kutoka Mississippi, Louisiana na Texas walipanda meli za mto kwenda Kansas kwa pamoja, wengi wakiishia Topeka bila kitu. Watu wa Nicodemus walitangulia karibu miaka miwili, walikuja kwa makundi yaliyopangwa, na wengi walikuwa ndugu au waumini wa kanisa moja. Tofauti hiyo ina uzito. Walipofika kwenye nyasi tupu walikuwa tayari na wazee wao, wachungaji wao na mashemeji wao. Baadhi ya familia hufuatilia ukoo wao hadi shamba moja la Kentucky, la Richard Johnson, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia mwaka 1837 hadi 1841.

Fletcher alifungua posta, kisha hoteli ya St. Francis. Mkewe, Jenny Smith Fletcher, binti wa mchungaji Smith, alianza kufundisha watoto, na shule ya wilaya namba moja ya kaunti ya Graham ikawa ya Nicodemus. Wilaya ya kwanza ya elimu katika kaunti yote ilikuwa ya watu weusi, wengi wao wakiwa watoto wa watu waliokatazwa na sheria au desturi kujua kusoma.

Siasa zilikuja haraka. Mwaka 1878 walifika vijana wawili wasomi kutoka Chicago, Abram Hall na Edward McCabe. Kaunti ya Graham ilikuwa bado haijapata serikali yake, kwa kuwa sheria ya Kansas ilidai kwanza idadi ya wakazi wa kudumu ifike 1,500. Hall ndiye aliyepewa kazi ya kuwahesabu. Hesabu ilitimia, na bila watu wa Nicodemus isingetimia mapema hivyo. Mwaka 1880 gavana John St. John alitangaza kuundwa kwa kaunti, na akamteua McCabe kuwa karani wake. Mwaka 1882 McCabe, mwenye umri wa miaka 32, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, akachaguliwa tena mwaka 1884. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amechaguliwa kushika cheo cha jimbo huko kabla yake. Baadaye alihamia Oklahoma na kuwa mmoja wa waanzilishi wa mji wa Langston.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 mashimo yalikuwa yameanza kuwapisha majengo ya mawe na mabonge ya udongo. Kulikuwa na maduka ya jumla, hoteli, benki, daktari, makanisa, chama cha mijadala ya vitabu, timu ya besiboli, bendi, na magazeti mawili. Wazungu nao walikuja kufungua biashara na kuishi miongoni mwao, na magazeti yote mawili yalihaririwa na wazungu. Wenye ardhi wengi walibaki kuwa weusi. Wakazi wa mji na wa mashamba walikuwa jamii moja, kwa sababu mwenye duka naye alikuwa na ekari zake.

Kilichokosekana kilikuwa reli. Katika nyanda hizi mkulima asiye na stesheni alipaswa kupeleka ngano yake kwa mkokoteni hadi siku mbili, na gharama ilimlia faida. Mji wenye reli ulipata maghala, wanunuzi na bei. Mwaka 1887 wapiga kura wa kata ya Nicodemus waliidhinisha hati fungani za dola 16,000 kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Fikiria uzito wa kiasi hicho kwa watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa wakiishi kwa nyama ya kupewa. Magazeti yakaandika kana kwamba injini inasikika. Kampuni haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilitandika reli yake kusini, ng'ambo ya mto Solomon, na kambi ya wajenzi wake, kama kilomita kumi kutoka Nicodemus, ikageuka mji wa Bogue. Wenye maduka wakaona hesabu ilivyo. Wengine walibomoa majengo yao na kuyasafirisha kuvuka mto. Magazeti yote mawili yalikufa.

Wanahistoria wamebishana kama rangi ya wakazi ilichangia kuinyima Nicodemus reli. Kampuni za reli zilichezea miji mingi, ya weupe pia, zikiishindanisha ili zipate fedha zaidi. Lakini mji wa watu waliotoka utumwani juzi haukuwa na mbunge wa kuupigania Washington wala benki kubwa ya kusimama nyuma yake, na udhaifu huo haukutokea hewani. Ulitengenezwa na karne mbili za sheria zilizowakataza kumiliki chochote.

Hapa ndipo vijiji vingi vya Kansas vinapoishia. Waliokuwa wakipanga maduka Nicodemus walihama. Waliokuwa na mashamba hawakuhama, kwa kuwa ekari 160 hazipakiwi kwenye mkokoteni. Miaka mitano ya sheria ilikuwa imetimia, hati zilikuwa ndani ya masanduku yao, na ngano iliendelea kuota hata kama stesheni ilikuwa kwa jirani. Kata ikawa kata ya wakulima. Kanisa jipya la Kibaptisti lilijengwa mwaka 1907, na jengo jipya la shule mwaka 1918, muda mrefu baada ya siku ambayo mji ulitarajiwa kufa. Vijana waliokosa nafasi walikwenda Denver, Topeka, Kansas City na California, lakini shamba la babu lilikuwapo, na anayerudi alijua pa kufikia.

Miaka ya 1930 ilikuwa pigo zito kuliko reli. Ukame, vumbi lililofunika mchana, na bei za ngano zilizoanguka viliondoa familia nyingi kote magharibi mwa Kansas. Mwaka 1939, chini ya mpango wa serikali kuu wa kuwapa kazi wasio na ajira, wanaume wa pale walijenga ukumbi wa kata kwa mawe ya chokaa ya hapo hapo. Ujira uliwavusha mwaka mbaya, na ukumbi ukawa mahali pa mikutano ya kata, harusi, dansi na vikao vya msiba. Kufikia mwaka 1950 kijijini walibaki watu 16. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule mwaka 1960.

Kama unataka kujua kilichowashikilia, watazame wanaorudi. Tangu mwaka 1878, kila kiangazi, Nicodemus husherehekea uhuru. Tarehe waliyoichagua mwanzo ilikuwa 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni yake, pamoja na visiwa vya Karibi. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakiiadhimisha hata kabla wao wenyewe hawajaachiwa huru. Leo sikukuu hiyo inafanyika mwisho wa Julai. Mamia ya wajukuu na vitukuu huja kutoka majimbo ya mbali, kuna gwaride, ibada, nyama choma, na watoto wanatambulishwa kwa binamu wasiowahi kuwaona. Mtu huulizwa yeye ni wa nani kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani.

Mmoja wa wana wa Nicodemus alikuwa Veryl Switzer, aliyezaliwa pale mwaka 1932. Alicheza mpira wa Kimarekani kwa ustadi hadi mwaka 1954 timu ya Green Bay Packers ikamchukua kama mchezaji wa nne katika uteuzi wa ligi nzima. Baadaye alifanya kazi miaka mingi katika chuo kikuu cha jimbo la Kansas, lakini shamba la Nicodemus hakuliacha. Alifariki mwaka 2022. Kwa wageni alikuwa nyota wa mpira. Katika kata alikuwa mkulima wa ngano.

Ardhi hiyo ndiyo ninayoihofia. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000. Wengi waliipoteza ardhi kwa madeni, kwa mirathi iliyogawanywa hadi ikauzwa mnadani, na kwa ofisi za serikali zilizowanyima mikopo ambayo majirani zao weupe waliipata. Mwaka 1997 wakulima weusi waliishtaki Wizara ya Kilimo kwa ubaguzi huo, katika kesi maarufu ya Pigford, na mwaka 1999 mahakama ikaidhinisha maridhiano ya fidia. Kwa wengi fidia ilikuja shamba likiwa limeshauzwa. Kipindi hicho hicho wakulima weusi wa Kansas, Nicodemus ikiwa kitovu chao, waliunda chama chao na wakajaribu kuuza unga wa ngano kwa jina la kijiji, ili bei isiishie kwa mwenye ghala. Ilikuwa jitihada ya busara na ya ujasiri, na ilikwenda kwenye kiini cha tatizo: mkulima mdogo kwenye nchi kavu, mbali na soko, anauza kwa bei ya mwingine, sawa na walivyokuwa babu zake mwaka 1888.

Kutambuliwa rasmi kulikuja kwa sababu wazaliwa wa pale walikupigania. Mwaka 1976 Nicodemus iliwekwa kwenye orodha ya alama za kihistoria za taifa. Mwaka 1988 Angela Bates, mzawa wa familia za waanzilishi, alianzisha chama cha historia cha Nicodemus na akawa sauti ya kijiji Washington. Novemba 1996 bunge lilikifanya eneo la kihistoria chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Linahusu majengo matano: hoteli ya St. Francis, kanisa la A.M.E. (African Methodist Episcopal) la mwaka 1885, kanisa la Kibaptisti, shule, na ukumbi wa kata. Kinachonipendeza katika mpango huo ni kwamba serikali haikununua kijiji. Kanisa la A.M.E. ndilo lililochukuliwa na Shirika ili litengenezwe, lakini ukumbi umebaki mali ya kata, na Shirika linautumia kupokea wageni kwa makubaliano na kata. Mtalii anayeingia kutazama picha za Willianna Hickman na Edward McCabe anaingia ofisini kwa serikali ya ngazi ya chini kabisa ya Kansas, ambayo bado ina barabara za vumbi za kuzichonga na kodi ya kuikusanya kwenye ekari zilizoandikishwa mwaka 1877.